Kabale Hadi Kisoro kwa Baiskeli: Hesabu Milima Kabla ya Kilomita

Kila ufikapo mwezi wa Agosti, watoto wanapofunga shule na baba anapopewa siku zake za likizo, swali huwa lile lile katika nyumba nyingi za kambini: twende wapi, na kwa fedha zipi? Wengi hurudi kijijini kuwaamkia wazee, na hilo ni jambo jema. Lakini wapo pia wanaopenda kutenga siku tatu au nne za kuitazama nchi yao wenyewe. Kwa hao, hasa wenye vijana waliokwisha kukomaa, nataka kuieleza safari ya baiskeli katika nchi ya Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, kutoka mji wa Kabale hadi mji wa Kisoro.

Nimeifanya safari hiyo mara mbili. Mara ya kwanza niliipanga vibaya, na nusura nimpoteze mtoto. Mara ya pili haikupangwa na mimi, bali na mama watoto, nayo ilikwenda salama. Tofauti kati ya safari hizo mbili haikuwa nguvu za miguu, wala ubora wa baiskeli, wala bahati. Tofauti ilikuwa hesabu tu. Kwa sababu hiyo nimeona ni wajibu wangu kuieleza hesabu yenyewe, ili mwingine asiilipie kama nilivyoilipia mimi.

NCHI ILIVYO

Kigezi ni nchi ya vilima vilivyosongamana, vilima ambavyo watu wamevilima kutoka chini hadi kileleni. Ukitazama kwa mbali huona matuta yamepangwa ngazi kwa ngazi, hapa viazi mviringo, pale maharage, kule mtama unaoanza kuwa mwekundu. Matuta hayo yalitiliwa mkazo sana katika miaka ya 1940, wakati watu walipokuwa wengi na udongo ukaanza kukokotwa na mvua. Baadhi ya familia zilihamishwa wakati huo huo kwenda kwenye ardhi mpya, lakini waliobaki waliendelea kukinga udongo wao kwa jembe, na hata leo mgeni hushangaa kuona mtu akipalilia mahali ambapo yeye mwenyewe angeogopa kusimama.

Katikati ya vilima hivyo yamelala maziwa. Kubwa na maarufu zaidi ni Bunyonyi, jina lenye maana ya mahali pa ndege wadogo wengi. Ziwa hilo liko karibu mita 1,950 juu ya usawa wa bahari, nalo lilifanyika zamani sana, wakati uji wa moto wa volkano ulipoliziba bonde na maji yakakosa pa kwenda. Ndiyo maana umbo lake ni la bonde: jembamba, refu, lenye mikono mingi inayoingia kati ya vilima, na visiwa vinavyohesabiwa kuwa 29. Upande wa Kisoro kuna Ziwa Mutanda, lililo karibu mita 1,800, na maziwa madogo ya Mulehe, Chahafi na Kayumbu. Nyuma yao imesimama milima ya volkano: Muhavura wenye mita 4,127, Gahinga wenye mita 3,474, na Sabinyo, ambako mipaka ya Uganda, Rwanda na Kongo hukutana.

Sasa sikiliza jambo moja ambalo ndilo kiini cha habari hii. Maji ya Bunyonyi hutoka katika ncha ya kaskazini, upande wa Muko, kwa mto uitwao Ruhezamyenda, yakateremka hadi Mutanda. Kwa maji, safari hiyo ni ya kushuka tu, tena kushuka kwa mita 150 hivi. Lakini barabara haifuati maji. Barabara hupanda, ikaupita msitu wa Echuya, ambao uko kati ya mita 2,270 na 2,570, ikafika penye pengo la Kanaba, ndipo inapoporomoka kuelekea Kisoro. Miji yenyewe, Kabale na Kisoro, yote miwili iko kati ya mita 1,800 na 2,000. Mtu anayetazama miji hiyo miwili katika karatasi hudhani kwamba ataondoka penye kimo fulani na kufika penye kimo kile kile, kwa hiyo hana mlima wa kupanda. Huo ndio mtego nilionaswa nao.

KOSA LANGU

Barabara ya Kabale hadi Kisoro ina kilomita 80 hivi. Zamani ilikuwa ya udongo, nayo ilimchosha hata mwenye gari. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 ikatiwa lami, na sasa ni barabara nzuri. Mimi nilijiambia hivi: kambini kwetu, kwenye barabara tambarare, mimi na kijana wangu wa miaka 16 huenda kilomita 15 kwa saa bila taabu. Basi 80 gawanya kwa 15, ni saa tano na dakika ishirini. Tukiondoka Kabale saa nne asubuhi, tutafika Kisoro kabla ya saa kumi jioni, tuoge, tule, tulale.

Naona haya kuandika hivi, maana mimi ni mtu niliyefundishwa kusoma ramani. Najua mistari ile inayounganisha mahali penye kimo sawa, na najua kwamba inapobanana, hapo pana mteremko mkali. Lakini ujuzi wa kazini niliuacha kazini. Kwa safari ya likizo nikaona kibao cha barabarani kinatosha.

Ndugu msomaji, mlima hauheshimu mgawanyo wa namna hiyo. Kilima cha kwanza tu, karibu na Kabale, kilitushusha kwenye viti tukasukuma. Baiskeli yangu ilikuwa ile nzito ya gia moja, nayo ilikuwa imebeba mizigo yote. Kabla hatujafika Hamurwa tulikuwa tumekwisha maji ya kunywa. Tulipofika Muko, ambako ziwa huonekana limetulia chini ya barabara kama kioo, tulikaa muda mrefu tukila viazi vya kuchemsha na kusifu mandhari, tukidhani kazi kubwa imekwisha. Kumbe mlima wenyewe ulikuwa bado. Saa kumi na moja jioni tulikuwa tungali tunasukuma kuelekea Echuya, na baridi imeanza kushuka kutoka kwenye mianzi. Tulipotoka msituni ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Katika nchi hiyo jua huzama karibu saa moja, na milima huliwahi kulificha kabla ya wakati.

Hapo kijana alifanya kama kijana yeyote angefanya. Alikuwa amechoka, amesikia baridi, na mbele yake akaona mteremko wa bure. Akapanda baiskeli akatangulia. Nilimwita, lakini upepo ulikwisha kuichukua sauti yangu. Wahenga walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Raba za breki zake zilikuwa kuukuu. Nilizitazama Kabale nikasema zitafika. Kwa kubana mfululizo zikalika hadi chuma, na kwenye kona moja baiskeli haikukubali kusimama. Kwa bahati alielekea upande wa mlima, akajitupa kwenye kingo ya udongo. Upande wa pili wa barabara hapakuwa na kingo. Palikuwa na hewa tu, na taa za Kisoro mbali chini.

Dereva mmoja wa lori alisimama, akatupakia pamoja na baiskeli zetu, akatufikisha hospitali. Mfupa wa mtulinga ulikuwa umevunjika. Kijana alifungwa mkono, akapewa dawa, akalala. Mimi sikulala. Usiku ule nilifahamu kwamba kilichomvunja mwanangu si mteremko wa Kanaba. Ni hesabu yangu ya saa nne asubuhi.

HESABU YA MAMA WATOTO

Tuliporudi nyumbani, mama watoto hakusema neno siku mbili. Siku ya tatu akaniuliza swali moja: "Baba watoto, hukuona vema kuniuliza?" Mke wangu ni Mkiga, amezaliwa upande wa Muko. Katika usichana wake alibeba viazi kichwani kwenda sokoni katika vilima vile vile nilivyovipima kwa kibao. Akaniambia kwamba kwao watu wanaobeba mizigo hawahesabu maili, wanahesabu mapumziko. Mtu husema, "Kwenda sokoni ni mapumziko matano," na kila mtu anaelewa. Njia fupi yenye mapumziko matano ni ndefu kuliko njia ndefu yenye mawili.

Basi jioni moja tuliketi mezani tukaitandaza ramani, yeye akieleza milima na mimi nikihesabu mistari. Tulipojumlisha milima yote, mikubwa na midogo, tulipata zaidi ya mita 1,000 za kupanda. Tukajiwekea kanuni hii, ambayo ninawapa wasomaji kama tulivyoitumia:

Kwanza, hesabu kilomita kama ardhi ingekuwa tambarare, kwa mwendo wa yule aliye dhaifu kuliko wote katika msafara, wala si kwa mwendo wa aliye hodari. Pili, kwa kila mita 100 za kupanda, ongeza dakika 15. Na kama baiskeli ni nzito au ina mizigo, ongeza 20. Tatu, usipunguze hata dakika moja kwa sababu ya miteremko, kwa maana katika milima mteremko unaoshukwa kwa busara hushukwa polepole. Nne, kwa kila saa mbili za mwendo weka nusu saa ya kupumzika na kula. Tano, jumla hiyo yote sharti iishe saa mbili kabla ya jua kuzama. Ikizidi hapo, gawanya safari iwe siku mbili.

Tulipoijaribu kanuni hiyo kwa safari yangu ya kwanza, ilitoa karibu saa kumi na moja kwa baiskeli yenye mizigo. Mimi niliipangia saa tano na kidogo. Mama watoto hakucheka, na mimi sikuwa na la kusema.

BAISKELI NA MWILI

Mwaka uliofuata, mfupa ulipokwisha kuunga na daktari kuridhia, tulianza matayarisho wiki sita kabla. Mara tatu kwa wiki kijana na mimi tulipanda kilima kilicho karibu na kambi, kwanza bila mzigo, kisha tukiwa na mzigo kamili wa safari. Jambo hili ni muhimu. Baiskeli yenye mzigo si baiskeli ile ile: hupanda kwa shida na kusimama kwa shida zaidi. Ni afadhali kulijua hilo karibu na nyumbani kuliko kulijua Kanaba.

Tuliazima baiskeli mbili zenye gia, kwa kuwa mlima mrefu hauna huruma kwa gia moja. Asiye nayo asivunjike moyo. Anaweza kwenda na ile aliyo nayo, mradi akubali kwamba sehemu kubwa ya milima ataipanda kwa miguu akisukuma, na asaa zake azihesabu hivyo. Kusukuma si aibu. Aibu ni kufika usiku.

Kabla ya kuondoka mpelekee fundi baiskeli, naye akague breki za mbele na za nyuma, nyaya zake, cheni, rimu, spoki na mipira. Raba za breki zinunuliwe mpya, na jozi nyingine zitiwe mfukoni. Pamoja nazo beba mpira mmoja wa ndani, viraka na gundi, pampu, spana, na taa za mbele na nyuma, hata kama hukusudii kusafiri usiku. Katika kushuka, usibane breki mfululizo. Bana kwa nguvu kiasi, achia, kisha bana tena, ukitumia breki zote mbili, ili rimu isipate moto na raba zisilike. Kila baada ya kilomita mbili tatu za mteremko simama, gusa rimu. Ikiwa haigusiki kwa moto, subiri ipoe.

Mpango wa msafara askari wanaufahamu. Wakati wa kupanda, aliye dhaifu huwa mbele, maana yeye ndiye anayetoa mwendo. Wakati wa kushuka, mtu mzima huwa mbele, na hakuna anayempita. Baina ya baiskeli na baiskeli iachwe nafasi ya mita 30. Mahali pa kusubiriana pakubaliwe kabla, wala si njiani kwa kupiga kelele.

CHAKULA NA MAVAZI

Sehemu hii ni ya mama watoto mwenyewe, nami naiandika kama alivyonielekeza. Anayepanda mlima ale kidogo kidogo kila mara, asingoje njaa. Chakula kizuri cha njiani ni ndizi mbivu, karanga za kukaanga zenye chumvi, mayai ya kuchemsha, na viazi mviringo vilivyochemshwa na maganda yake, ambavyo Kigezi hupatikana kila mahali. Kila mtu abebe maji yasiyopungua lita mbili, na asipite kituo chochote cha maduka bila kujaza tena. Bushera, kinywaji cha mtama cha Wakiga, hushibisha na kutia nguvu. Lakini uliza kama ni bushera changa au iliyokwisha kuchachuka, maana ya pili huenda ikakufanya uende njia nzima kwa upande.

Juu ya mavazi, watu wa mabondeni hudanganywa na jua la mchana. Kigezi ni baridi. Usiku wa kiangazi joto huweza kushuka hadi karibu nyuzi 10 za Selsiasi, na asubuhi ukungu hukaa mabondeni mpaka jua lipande vizuri. Kila mtu awe na sweta, koti la mvua, soksi kavu za kulalia, na kofia kwa ajili ya jua la adhuhuri, ambalo katika nchi za juu huunguza ngozi hata kama hewa ni ya baridi. Fulana ya ndani yenye jasho ibadilishwe kileleni kabla ya kushuka. Anayeshuka akiwa na jasho mgongoni hutetemeka, na mikono inayotetemeka haishiki breki.

Fedha za safari zigawanywe katika bahasha nne: nauli, malazi, chakula, na dharura. Bahasha ya dharura haifunguliwi kwa soda.

SIKU KWA SIKU

Kutoka Kampala hadi Kabale ni kilomita 420 hivi, nasi tulikwenda kwa basi, baiskeli zikiwa zimefungwa pamoja na mizigo. Tulilala Kabale usiku huo, tukazikagua baiskeli upya asubuhi, kwa sababu basi lina tabia ya kupinda kitu.

Siku ya kwanza tulikwenda ziwani tu, hadi gatini Rutinda, mwendo usiofika kilomita 10. Njia hupanda mgongo wa kilima, kisha ghafula ziwa linajitokeza chini na visiwa vyake vyote. Siku hii fupi si ya kupoteza wakati. Ni ya kuuzoeza mwili hewa ya juu, na ya kuzijaribu breki katika mteremko mmoja. Alasiri tulikodi mtumbwi. Mwenye mtumbwi alituonyesha kisiwa cha Bwama, ambako mwaka 1931 daktari mmishenari Leonard Sharp alianzisha makao ya wagonjwa wa ukoma, na ambako baadaye pakawa shule. Akatuonyesha pia kisiwa kidogo mno cha Akampene, chenye mti na nyasi tu. Huko, zamani, wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa walipelekwa na kuachwa wafe kwa njaa au kwa maji, isipokuwa aliyejitokeza mwanamume maskini wa mahari kumchukua mmoja awe mkewe. Kijana wangu alikitazama kisiwa hicho kwa muda mrefu, akauliza: "Na wanaume waliowapa mimba walipelekwa kisiwa gani?" Mwenye mtumbwi akaendelea kupiga kasia. Mzazi aliyechukua watoto wake huko asilikwepe swali hilo. Jioni yake tulilizungumza hadi chakula kikapoa.

Watu watakuambia kwamba Bunyonyi lina kina cha mita 900. Vipimo vya wataalamu vinaonyesha makumi machache tu ya mita. Hata hivyo mita mbili hutosha kumzamisha asiyejua kuogelea, kwa hiyo usiingie mtumbwini bila boya la kuvaa, wala usiwaache watoto waoge peke yao.

Siku ya pili tulirudi kwenye lami, tukaelekea Hamurwa katika Wilaya ya Rubanda, iliyokatwa kutoka Kabale mwaka 2016, kisha Muko. Tuliondoka saa mbili asubuhi, tukafika kwa shemeji zangu mchana, na jua lingali juu. Huko ni karibu nusu ya njia. Asiye na jamaa afanye mpango wa malazi kwa simu kabla hajatoka Kabale, asitegemee kubisha hodi. Na popote ufikapo, amkia watu kwanza. "Agandi" ni salamu inayofungua milango yote ya Kigezi, na mtu mwenye baiskeli aliyesimama kuamkia huambiwa habari za barabara kuliko anayepita akipiga kengele.

Siku ya tatu ndiyo siku ya mlima. Tuliamka gizani, tukaondoka saa moja asubuhi kulipopambazuka, tukaanza kupanda Echuya katika baridi. Tulihesabu mapumziko saba kutoka Muko hadi juu, kama shemeji zangu walivyosema. Mianzi ilikuwa inadondosha maji ya ukungu, na ndege walikuwa wanalia pande zote. Saa nne na nusu tulikuwa Kanaba. Mbele yetu ilisimama Muhavura, na kando yake Gahinga na Sabinyo, hakuna wingu hata moja, na chini bonde lote la Kisoro limefunguka. Mwaka uliotangulia nilipita mahali hapo sikuona kitu.

Tulibadilisha fulana, tukavaa makoti. Nikatangulia mimi. Kwenye kona ile kijana aliomba tusimame. Alishuka, akaitazama kingo ya udongo, akauvuka upande wa pili akachungulia chini. Kisha akarudi akasema, "Twende, baba, lakini polepole." Tulisimama mara sita kabla ya kufika chini. Saa saba mchana tulikuwa Kisoro, na mama watoto, aliyekuja kwa gari na mdogo wa kike, alikuwa amekwisha kuagiza chakula.

Siku ya nne ni ya kupumzika. Ziwa Mutanda haliko mbali na mji, na wapenda historia watatafuta njia ya Ziwa Chahafi, ambako majeshi ya Waingereza na Wabelgiji yalipambana na Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mbuga ya Mgahinga, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, ina sokwe wa milimani, lakini hiyo ni safari nyingine na bahasha nyingine.

TAHADHARI

Kisoro ni wilaya ya mpakani. Mji wa Bunagana, upande wa Kongo, ulitekwa na waasi wa M23 mwezi wa Juni 2022, na mara kwa mara wakimbizi wamevuka kutafuta salama. Kwa hiyo msafiri asiendeshe baiskeli kuelekea mpakani kwa ajili ya kutazama tu, na kabla ya kuondoka Kabale aulize hali ilivyo kwa wenye mamlaka. Aliye askari awe na kitambulisho chake na karatasi ya ruhusa ya likizo, avae kiraia, na asipige picha za vituo wala vizuizi. Msafiri apitie kushoto, mmoja nyuma ya mwingine, maana malori ya mizigo hutumia barabara hiyo, na kona nyingi hazionyeshi kinachokuja. Na safari ifanywe wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti. Katika miezi ya masika udongo wa vilima hivyo huweza kuporomoka juu ya barabara.

Ndugu wasomaji, sikuandika haya ili kuwatia hofu. Nchi ya Kigezi ni nzuri, na kijana aliyeipanda kwa nguvu za miguu yake huipenda kwa namna ambayo dirisha la basi haliwezi kumfundisha. Ninachoomba ni kwamba, kabla hujaahidi tarehe ya kuondoka, uitandaze ramani mezani, uiite nyumba yote, na umwulize yule aliyewahi kubeba mzigo katika njia hiyo. Huenda yuko jikoni kwako, anangoja kuulizwa.